Jinsi ya kukabidhi kikundi, shamba na ukoo kwa waliozaliwa kati ya 1981 na 1996

Mwongozo huu ni wa wazee wenzangu: wenyeviti wa vikundi, wahazini wa vikoba, wasimamizi wa mashamba ya ukoo na wazee wa kanisa ambao kila mwaka wanasema "mwakani tunawaachia vijana", na mwakani ikifika mhuri bado uko kwenye mkoba wao. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kilolo upande wa Iringa, nikaolewa Rungwe na kuzeekea hapa Isongole kwenye baridi na viazi. Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa viazi na parachichi kwa muda mrefu, na nimekikabidhi. Kikundi hakijafa, na mimi pia sijafa, ingawa kuna waliotabiri yote mawili.

Tunaowazungumzia ndio wanaoitwa kizazi cha milenia. Jina lilitoka Marekani, kwa William Strauss na Neil Howe, waliolieneza kwa kitabu chao cha 1991. Mipaka inayotumika zaidi siku hizi, 1981 hadi 1996, ni ya kituo cha utafiti cha Pew. Huko kwao wanaelezwa kwa mambo ya kwao: mashambulizi ya Septemba 11, 2001, intaneti iliyoingia nyumbani wakiwa wanakua, mtikisiko wa uchumi wa 2008 uliowakuta wakitafuta kazi ya kwanza, na madeni ya chuo. Ukiyabeba maelezo hayo mpaka soko la Kiwira, mengi yatakosa mnunuzi. Wa kwetu walilelewa na mambo mengine, na huwezi kumkabidhi mtu kitu ambacho ni uhai wako bila kujua yeye amelelewa na nini.

Tafuta mwaka wake wa kuzaliwa

Sitanii. Kabla ya kikao chukua daftari la wanachama, andika mwaka wa kuzaliwa mbele ya kila jina. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Sasa yule wa 1981 unayemwita "kijana wetu" na kumtuma soda ameshavuka arobaini, ana mtoto sekondari, na pengine ana presha. Kwenye kikao cha ukoo wa mume wangu nilimsikia mzee akimnyamazisha mwanaume mwenye mvi: "We mtoto, subiri wakubwa wamalize." Akasubiri. Wakubwa walipomaliza akaamkia wote, akapanda Kosta kurudi Mbeya, na tangu hapo hajakanyaga kikao. Anatuma mchango kwa simu, na mchango wake ni mkubwa kuliko wa aliyemnyamazisha.

Ukishapata miaka, igawe mara mbili, maana hawa si watu wa aina moja. Wote niliwapokea darasa la kwanza, wa mwanzo hadi wa mwisho, kwa hiyo hapa nasema nilichokiona kwa macho.

Waliozaliwa tangu 1981 mpaka karibu 1988 walikulia kwenye foleni za sukari na sabuni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979 na hazina ilikuwa imekauka. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alikuwa akiwasaka walanguzi, Aprili 1984 akafariki kwa ajali ya gari, na 1985 Mzee Mwinyi akaingia Ikulu na ruksa zake za biashara. Watoto hawa walikuja shule na sweta za mitumba zilizowapwaya, ndoo ya maji mkono mmoja, ufagio mkono mwingine. Walimaliza darasa la saba na wachache mno wakachaguliwa kwenda sekondari, kwa sababu sekondari zenyewe hazikuwepo. Waliobaki hawakuwa wajinga, niliwafundisha, najua. Leo ndio madereva wa Fuso za viazi, mafundi wa Mafiat mjini Mbeya na wenye maduka ya pembejeo Uyole. Hawasubiri mtu awape, na hawasahau kwamba hawakupewa. Ukimkabidhi mtu wa nusu hii, mweleze haraka kazi ni ipi kisha ondoka njiani.

Wa baadaye, wa 1989 mpaka 1996, wameona foleni nyingine. Wa mwisho wao walianza shule wakati MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, inaanza 2002, ada imefutwa, na mimi nasimama mbele ya watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, wengine wamekaa chini, wengine dirishani. Wakaenda shule za kata zilizojengwa kwa nguvu za wazazi baada ya 2004, kuta zipo, mwalimu wa fizikia hayupo. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu walikuwa na daraja sifuri. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Fikiria wewe una miaka 17, umeambiwa umefeli, halafu miezi michache baadaye unaambiwa subiri kidogo, tunapanga tena. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "niamini, mimi mkubwa wako", atakuitikia vizuri sana kwa mdomo. Kisha ataomba kuona karatasi.

Fungua vitabu

Hapa ndipo makabidhiano mengi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika kikao chetu cha kwanza cha maandalizi, dada mmoja wa 1990, aliyesoma chuo Iringa, akakosa ajira, akarudi kupanda parachichi kwenye shamba la bibi yake, aliinua mkono. Akapiga magoti kidogo kama ilivyo kwetu, akasema: "Shikamooni wazazi wangu. Naomba kujua, salio la benki leo ni shilingi ngapi, na fedha ya viazi vya Machi imeandikwa ukurasa gani?"

Kimya. Mzee mmoja akavua kofia. "Anatuita wezi," akasema.

Hakuwa anamwita mtu mwizi. Swali lile angemuuliza hata mchungaji. Watoto hawa walikua wakiwaona baba zao wakienda na kurudi kwenye vyama vya ushirika kudai malipo ya pili ya kahawa na pareto ambayo hayakuja. Walipopata akili, simu zikaja: M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na wao ndio waliowasajilia laini mama na bibi zao. Wamezoea fedha inayotuma ujumbe kila inapotoka. Fedha isiyotuma ujumbe inawatia wasiwasi.

Kwa hiyo kabla hata hujataja neno uongozi, fanya hivi. Nenda benki uchukue taarifa ya akaunti ya miezi 12, yenye mhuri. Toa risiti zote popote zilipo. Zetu zilikuwa kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati la mhazini. Weka mezani kaunta buku, hata kama jalada limeng'oka. Kisha usiwasomee. Waache wasome wenyewe.

Yule dada alifuta dawati kwa kitenge, akazipanga risiti mwezi kwa mwezi, kila fungu akalikandamiza kwa kiazi kimoja ili upepo usizichukue. Akawa anapiga picha moja moja, anataja kiasi kwa sauti, na mwenzake anaandika kwenye simu. Wazee walikaa kando na chai yao wakijifanya wanazungumzia mvua. Kabla chai haijaisha alikuwa ameshika risiti mbili mkononi, moja kila upande: mfuko uleule wa mbolea, tarehe ileile, duka lilelile, risiti mbili. Alimpigia mwenye duka palepale, kwa heshima zote, na fedha ya mfuko mmoja ikarudi kwenye simu ya mhazini. Mzee wa kofia akasogeza kiti.

Kama kuna ukurasa uliochanika, sema umechanika. Kama kuna deni la mwanachama aliyefariki, liandike kwa jina lake na msamehe au mdai, lakini lionekane. Usijaribu kuremba. Kizazi hiki kinasamehe hasara kuliko kinavyosamehe hesabu isiyoeleweka, nami nimeona hilo hata kwenye vikoba vya akina mama wa kanisani.

Kabidhi kitu kizima

Tabia yetu wazee ni kuwapa vipande. Utamsikia mtu anasema "tumewashirikisha vijana", ukichunguza ushirikishwaji wenyewe ni kuchapa barua, kufunga spika na kubeba viti. Wenyewe wanajua, na ndiyo sababu hawaji.

Chagua eneo moja lenye fedha na lawama ndani yake, uwape lote. Sisi tuliwapa soko: kutafuta wanunuzi, mizani, kreti, malipo na ugomvi wake.

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kukataa lumbesa. Kwa asiye wa huku: lumbesa ni gunia la viazi lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu, ukilipima halitofautiani na gunia moja na nusu, lakini mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakisema hivyo miaka nenda rudi, lakini nani angemwambia dalali mwenye Fuso imewaka? Wao walimwambia. Walinunua mizani, wakaiweka kando ya barabara, wakasema kilo ndiyo bei. Madalali wakaenda kijiji cha pili. Viazi vyetu vikakaa chini ya turubai mpaka vingine vikaanza kuota, na mimi nyumbani kwangu nikawa napokea wazee usiku kama vile kuna msiba: "Mwalimu, ongea na watoto wako." Sikuongea nao. Baadhi ya madalali walirudi, wakapima. Wengine hawajarudi hata leo, na kuna familia zilizoumia msimu ule. Sitaki mtu adhani mageuzi haya ni bure.

Kwenye parachichi wamekuwa wakali zaidi. Hass ya kuuza nje inachumwa kwa mkasi, kikonyo kidogo kinabaki, tunda haliangushwi wala haliokotwi chini. Mzee akileta kreti yenye matunda yaliyoanguka, wanayatoa mbele yake moja baada ya jingine na kuyaweka pembeni. Inauma kutazama. Ila wakala akiona tunda limechubuka hukataa kreti nzima, na hasara inakuwa ya wote.

Sasa upande wa saini. Bila kubadili watia saini benki, hujakabidhi chochote. Utahitaji muhtasari wa mkutano unaotaja kwa majina wanaotoka na wanaoingia, mahudhurio yenye sahihi, katiba ya kikundi, cheti cha usajili, vitambulisho vya taifa vya wote, picha ndogo, na barua ya utambulisho kutoka kwa afisa maendeleo ya jamii au mtendaji. Kila benki ina nyongeza zake, kwa hiyo piga simu kwanza usipande gari mara mbili. Mnaotoka mwende wenyewe. Hapa nina msimamo ambao wenzangu hawaupendi: mzee mmoja kati ya watia saini watatu anaweza kubaki kwa msimu mmoja, basi. Akibaki miaka mitatu, kila hundi itaendelea kupitia sebuleni kwake.

Kuhusu kundi la WhatsApp

Litakuwepo, hukwepi. Omba mambo machache tu: taarifa ya fedha iwekwe kila mwezi, uamuzi wa fedha usipigwe kwa vidole gumba bali kwenye kikao chenye muhtasari, na kila mwenye simu ya kitochi awe na mtu wa kumsomea. Wewe kwa upande wako usitume picha za maua na sala kila alfajiri. Na mtu akisoma ujumbe wako asijibu, hajakudharau. Yuko kazini, au ana makundi mengine ishirini, mengi ya michango ya harusi.

Ardhi, na kwa nini wanataka karatasi

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna jambo moja lililokilea kizazi hiki kuliko simu na kuliko televisheni iliyoanza Bara mwaka 1994. Nalo ni UKIMWI. Utafiti wa 2011–12 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 14.8, Iringa 9.1, Mbeya 9.0, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Na hapo dawa zilikuwa zimeshaanza kutolewa bure tangu 2004. Kabla ya hapo, miaka ya 1990, nilikuwa na rejista ambayo safu ya "mzazi au mlezi" ilianza mwaka na jina la baba, katikati ikawa na jina la mama, Novemba ikawa na jina la bibi. Nilikuwa nakata kwa rula nyekundu, naandika juu.

Watoto wale ndio leo tunaowaita wabishi kwenye mambo ya mashamba. Waliona baba anazikwa Jumatano, na kabla matanga hayajaanuliwa baba mdogo anapima hatua kwenye migomba. Waliambiwa "shamba la baba yenu tunawatunzia." Wengine walitunziwa kweli. Wengine walipokua walikuta mikaratusi ya mtu mwingine imefikia kuvunwa.

Kwa hiyo usimwambie mtoto wa 1987, "hili ni lako, kila mtu anajua." Anaowajua waliokuwa wakijua wamekwisha kufa.

Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, nayo inatoa hati ya hakimiliki ya kimila. Maombi yanakwenda kwa halmashauri ya kijiji. Majirani wote wanaitwa shambani kuhakiki mipaka, na hapa nakusihi uwe hai na uwe na miguu ya kutembea, maana mipaka mingi ya huku ni mti na kumbukumbu ya mzee. Hati inaweza kubeba majina mawili, ya mume na mke, na sheria inampa mwanamke haki ileile ya kumiliki. Kama kijiji chenu hakijafikia hatua ya kutoa hati, angalau andikeni makubaliano ya ukoo yenye ramani ya mkono, majina ya majirani na sahihi, nakala moja ikae kwa mtendaji.

Wosia uandike pia. Kwa taratibu za kimila, mtu anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili walio pamoja naye wakati mmoja, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na wasiwe warithi. Ukikwama nenda kwa wasaidizi wa kisheria wa wilayani, wengi hawatozi.

Kuna wazee wa Kinyakyusa wanaoniambia kwamba kukabidhi ukiwa hai ni mambo ya kizungu. Nawashangaa, tena mimi ni mkwe tu hapa. Huku Rungwe ndiko wavulana walikuwa wakihama kwa baba zao wakiwa na miaka kumi hivi, wakajenga kijiji chao cha rika, wakila kwa mama zao na kulala kwao wenyewe. Na mara moja kwa kila kizazi, kama miaka thelathini na kitu, ilifanyika ubusoka: watoto wanatokezwa hadharani, wanapewa utawala na ardhi, na baba zao wanasogea pembeni. Monica Wilson, mtafiti wa Afrika Kusini aliyekaa huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliyaandika haya kwa kirefu. Mama mkwe wangu alikuwa akiyasimulia huku anamenya maharage, na hakuyaona ya ajabu. Kilichoua vile vijiji ni uhaba wa ardhi, kahawa na kazi za migodini. Utaratibu wa kuachia ulikuwepo kabla ya shule zangu na kabla ya misheni ya Moravian ya 1891.

Aliye mbali

Kila ukoo una mtoto wa Dar es Salaam au Dodoma ambaye tunamhesabu kama benki. Kabla ya kumpangia, fanya hesabu yake. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali na ameajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi inakatwa kila mwezi kabla hajaushika. Toa kodi ya nyumba, ada za watoto, na wale wadogo zake wawili anaowasomesha ambao sisi wenyewe tulimwambia awachukue. Halafu soma tena ujumbe wako wa mchango wa kipaimara.

Mpe jukumu moja la kudumu badala ya dharura kumi. Mpwa wangu tulimpa bima ya afya ya bibi na barua zote za kiserikali za ukoo. Haongezewi kitu. Tangu hapo simu zangu anapokea.

Mahali pa kuwaachia na mahali pa kusimama

Watabadilisha mambo ambayo hukuyaomba. Watazaa wachache: mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 6, utafiti wa 2022 ukakuta 4.8, na hao waliopunguza ni hawa. Wake zao watazungumza kikaoni mume akiwepo. Watamwandika binti kwenye shamba. Watafupisha msiba, wataajiri wapishi badala ya kuwatoa jasho wakwe. Watachagua viongozi wasiofanana na tuliozoea. Mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimpeleka bungeni Joseph Mbilinyi, Sugu, mwanamuziki wa rap, na wazee wengi wa mtaani kwangu waliamka asubuhi wakidhani wamesikia vibaya. Haya waachie. Hayakuharibii kikundi wala ukoo.

Ila kuna mahali pa kuweka mguu. Kizazi hiki kina haraka, na haraka yake ina intaneti. Kulikuwa na wakati wa kware, ukaja wa sungura, kila mmoja na hesabu yake iliyotengenezwa na mtu asiyefuga: jike mmoja, watoto kadhaa, zidisha, milioni. Mwaka mmoja walitaka kung'oa mahindi yote wapande Hass mpaka mlangoni. Hapo wazee tulikataa, na tulikataa kwa hesabu, si kwa ukubwa: mche unachukua miaka kama mitatu kabla ya mavuno ya maana, je, hiyo miaka mitatu watu wanakula nini, na bei ya nje ikianguka tunda hilo tutamuuzia nani? Tukaandika kwenye katiba kwamba kila mwanachama abakize eneo la chakula. Waliiandika wenyewe, kwa lugha nzuri kuliko yangu.

Angalizo kwa wenye hasira: ukiwapinga, leta sababu. "Haijawahi kufanyika" kwao si sababu. Ukileta sababu yenye namba watabishana nawe jioni nzima, asubuhi watakuwa wamebadilika, na hawatakuambia kwamba wamebadilika.

Siku yenyewe

Fanya msimu wa kuchuma ukishafungwa na wakala ameshalipa. Kukabidhi katikati ya mavuno ni kukabidhi ugomvi.

Andikeni hati ya makabidhiano, kurasa mbili zinatosha. Ndani yake ziwemo salio la benki na la simu kwa tarehe hiyo, madeni ya kulipa na ya kulipwa, orodha ya mali kwa hali yake (mizani inafanya kazi, kreti tano zimevunjika, turubai lina tundu), mikataba, funguo zote na nani alikuwa na nakala, nywila za simu ya kikundi na barua pepe, na mambo ambayo hayajaisha. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Wazee hupenda kuondoka na siri moja au mbili ili waendelee kuulizwa. Ziandike zote: ni jirani gani ana kesi ya mpaka na kikundi, ni mwanachama gani huwa analipa akikumbushwa faraghani tu, ni mtu gani wilayani husaidia na yupi hupoteza muda.

Mhuri utoe siku hiyohiyo pamoja na kidau chake cha wino. Lipeni soda na chai kutoka mfuko wa kikundi, risiti iingie kwenye kumbukumbu za wapya, iwe ya kwanza.

Wiki ya kwanza mtu atakuja kwako usiku, kama walivyokuja kwangu, atakaa, ataulizia afya yako, atasifia migomba, kisha ataanza: "Hawa watoto, mwalimu..." Mpe chai. Akishamaliza mwambie kikao ni Jumamosi saa nne, katibu yupo, na kama hana namba yake umwandikie kwenye kipande cha karatasi.